Daraja Lililotulia Kwenye Karatasi

Mourine Wangwe alifika kwenye daraja la Nyabera asubuhi ya Jumanne akiwa na kompyuta mgongoni, kufuli mpya mkobani, na jina la mkosaji tayari kichwani. Mkosaji alikuwa Javan, mlinzi wa daraja. Mourine hakuwa amezungumza naye zaidi ya mara mbili.

Daraja lilikuwa la waenda kwa miguu, la kuning'inia, mita sitini na nne kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya Mto Kuja. Ng'ambo moja ni Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Ng'ambo ya pili ni Migori. Kwa macho halikuwa na ajabu yoyote: nyaya mbili nene, mbao za kukanyaga, na wavu kando wa kuzuia watoto wasianguke. Ajabu yake ilifichwa chini ya mbao. Katikati kabisa ya daraja palibandikwa kihisio, kipande cha kauri chembamba kama biskuti, ambacho kikipindwa kidogo tu hutoa umeme. Upande wa Ndhiwa, chini ya mbao, kulifungwa mikono minne ya chuma yenye kauri ya aina hiyohiyo ndani yake, ila hiyo ilifanya kazi kinyume: ikipewa umeme, ilisukuma au kuvuta. Baina ya kihisio na mikono kulikuwa na sanduku lenye kompyuta ndogo iliyotumia umeme wa sola. Daraja likianza kuyumba, kihisio kililiarifu sanduku, sanduku likaamuru mikono, na mikono ikapambana na mtikisiko mpaka utulie.

Kazi ya kutafuta mahali pa kuweka vitu hivyo ilikuwa ya Mourine. Aliifanya kwa kompyuta, miezi saba, chini ya Dakta Kerosi aliyemfundisha chuoni Nairobi na ambaye sasa ndiye aliyeongoza mradi. Alijaribu maelfu ya mipango hadi akapata ule uliotuliza daraja kwa vifaa vichache kuliko yote. Kihisio kimoja, mikono minne. Kerosi aliusifu mbele ya wageni.

Rekodi zilizofika ofisini kwa simu kila siku zilionyesha daraja lililotulia. Lakini mwezi huo ilikuja barua kupitia kwa chifu, imeandikwa na mwanamke anayeitwa Rispa, muuza mayai. Alisema siku za soko daraja linasukumwa. Watu watatu walikuwa wameanguka, yeye mmoja wao, na mayai ya trei mbili yakamwagikia mtoni. "Kuna mtu analitikisa," barua ilisema, "na sisi hatumwoni."

Mourine alizipekua rekodi za Jumatano, siku ya soko. Daraja lilikuwa limetulia kuliko siku nyingine zote, na hilo peke yake lilimtia shaka. Tena kulikuwa na kitu kingine, mvumo mdogo sana ulioanza saa mbili asubuhi na kuisha adhuhuri, kila Jumatano, wiki baada ya wiki. Alimwonyesha Kerosi.

"Huo si mtikisiko wa daraja," Kerosi alisema. "Kuna mtu ameunganisha kitu kwenye umeme wetu. Nani hukaa karibu na sanduku siku ya soko? Anza na huyo."

Ndiyo maana alinunua kufuli.

Javan alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya sanduku, mwanamume wa miaka hamsini na ushei, mikono imejaa makovu madogo ya moto. Kabla ya kuja hapa alikuwa fundi wa kuchomelea maboti ya chuma kule Mbita. Alisimama, akavua kofia.

"Karibu, madam. Hatukuambiwa unakuja."

"Najua," Mourine alisema. "Fungua sanduku."

Javan alimtazama kidogo, kisha akafungua. Haikuchukua hata dakika. Nyuma ya betri, chini kabisa, ulitoka waya mwekundu ambao haukuwa kwenye mchoro wowote wa Mourine. Uliteremka, ukapita ndani ya nyasi, ukaishia kwenye redio ndogo iliyofunikwa kwa mfuko wa plastiki.

"Hii ni nini?"

"Redio yangu. Siku ya soko mimi hukaa hapa mpaka jioni, siendi nyumbani hata kula. Basi nasikiliza habari na nyimbo kidogo."

"Kwa umeme wa mradi."

"Ni redio tu, madam."

Watu wawili waliokuwa wakivuka na baiskeli walikuwa wamesimama kusikiliza. Mourine aliwaona, na bado hakupunguza sauti. "Kwa sababu ya hii redio yako watu wanaanguka. Unaelewa? Kifaa kinasoma vibaya kwa sababu yako."

Javan aliinama. Alichomoa waya mwenyewe, akauzungusha kwenye kiganja taratibu, akautia mfukoni. Mourine alitoa kufuli ya zamani, akafunga mpya, ufunguo akabaki nao.

"Mimi nimekuwa hapa tangu nguzo ya kwanza kusimamishwa," Javan alisema hatimaye. "Wewe umekuja leo, na salamu bado hujanipa."

Mourine aliondoka akiwa na hakika kwamba kazi ilikuwa imekwisha. Alipanga chumba Ndhiwa mjini ili kesho yake ahakikishe tu.

Jumatano saa moja na nusu alikuwa amekwisha kuketi katikati ya daraja, kompyuta mapajani, waya wake umeunganishwa na kihisio chini yake. Watu walianza kuja kutoka upande wa Migori, mmoja nyuma ya mwingine: ndizi, mahindi, kuku waliofungwa miguu, mabeseni ya nyanya. Walimpita wakimtupia jicho. Hakuna aliyesimama.

Mourine alimtambua Rispa kwa mayai. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini hivi, leso kiunoni, trei mbili kichwani na moja mkononi. Mourine alimsalimu, akamwambia kwamba barua yake imefika na kwamba tatizo limepatikana.

"Limepatikana wapi?"

"Kulikuwa na waya uliovuruga sensa."

Rispa aliishika vizuri trei ya mkononi. "Sensa? Si tulihesabiwa? Hii sensa ingine ni ya nini?"

"Siyo ya kuhesabu watu. Ni kitu cha kuhisi kama daraja linatikisika."

"Mh." Rispa alichungulia chini ya mbao, kisha akautazama uso wa Mourine kama mtu anayekagua noti. "Watu husema hiyo sanduku inaandika kila mwenye anapita. Ati ikishajua tuko wangapi, tutaambiwa kitu. Nyathina, mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Isebania."

"Basi si mbali. Nitakuuliza vizuri siku ingine." Akaendelea kutembea kuelekea Ndhiwa.

Hakuwa amefika mbali aliposimama ghafla, akashika kamba ya kando kwa mkono mmoja, trei ya mayai ikalala kifuani. Wengine nyuma yake wakasimama pia, magoti wameyakunja. Mtu mmoja akasema kwa Dholuo maneno ambayo Mourine hakuyaelewa, lakini sauti ilikuwa ya hasira. Mourine aliutazama mstari kwenye kompyuta. Ulikuwa karibu kunyooka. Akauweka mkono juu ya mbao alipokaa. Hazikutikisika.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya, na baadaye aliona aibu kulikumbuka. Alidhani wanaigiza. Alidhani wamekubaliana, Rispa na Javan na hawa wote, wamwonyeshe mgeni kwamba daraja ni bovu ili mlinzi wao asiguswe.

Kisha akauona mvumo. Ulikuwa pale pale kwenye mstari, mdogo, wenye pigo lilelile la kila Jumatano. Redio ilikuwa nyumbani kwa Javan. Waya ulikuwa mfukoni mwake.

Javan mwenyewe alikuwa mwisho wa daraja, upande wa Ndhiwa, amesimama mbali na sanduku kama mtu aliyeambiwa asilikaribie. Alipoona Mourine ameinua uso, alimwita kwa mkono. Mourine akasita. Javan akaita tena, bila haraka, akaja hadi robo ya njia na kusimama mahali palipopakwa rangi nyeupe kwenye kamba ya kushikia.

"Hapo umekaa ni mahali hakuna neno," alisema kwa sauti ya kusikika. "Toka hapo. Kuja hapa."

Mourine aliiacha kompyuta, akaenda. Hatua ya kumi alihisi mbao zikimwacha. Hatua ya kumi na tano zilimsukuma kutoka chini mpaka magotini. Alipofika kwenye rangi nyeupe alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili, na daraja lilikuwa likimrusha juu na kumwangusha kwa mapigo ya kutembea kwa watu. Aligeuka kutazama alikotoka. Kompyuta yake ilikuwa imekaa kimya katikati, haijasogea hata kidogo, na upande wa mbele zaidi, kuelekea Migori, watu walikuwa wakishuka kila yeye alipopanda.

"Kule kuna rangi nyingine," Javan alisema. "Kipimo ni hichohicho kutoka ukingo wa Migori. Hapa na pale ndipo wanaangukia. Katikati hakuna aliyewahi kuanguka."

"Rangi ulipaka lini?"

"Mwezi wa pili. Ili watu wajue kushika."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilipiga simu ofisi yenu mara tatu, madam. Aliyepokea alikuwa mwanamume. Aliniambia asante, ataangalia."

Mourine alijua ni mwanamume mmoja tu aliyepokea simu za mradi. Lakini hata hapo hakumwamini Javan moja kwa moja. Mtu aliyekutwa na waya anaweza pia kusema alipiga simu. Alitaka kitu ambacho hakingeweza kumdanganya. Alitoa ufunguo, akamnyooshea.

"Fungua, uzime kila kitu. Tuone."

"Hapana," Javan alisema. "Mimi nikifungua, kesho utasema nimeharibu. Fungua mwenyewe. Na hawa watu waone ni mkono wako."

Basi Mourine akaenda, akafungua, akazima. Taa ya kijani ikafa. Foleni ya watu ilikuwa bado inavuka, pengine hamsini au zaidi, na mizigo yao ileile. Alirudi kwenye rangi nyeupe, akasimama, akangoja daraja lichachamae kwa kukosa kitu cha kulizuia.

Lilitulia. Halikutulia kabisa, liliyumba kama daraja lolote la kamba linavyoyumba, lakini kule kurushwa kuliisha ndani ya pumzi chache. Bibi mmoja mwenye gunia alimpita bila kushika chochote.

Mourine akarudi kwenye sanduku. Aliwasha tena. Baada ya dakika mbili, akiwa tena kwenye rangi nyeupe, mbao zilianza kumsukuma. Akazima, zikatulia. Alifanya hivyo mara nne, huku Javan akitazama saa na kumtajia muda, na mara zote jibu lilikuwa moja. Rispa, ambaye alikuwa ameyaacha mayai kwa mwenzake na kurudi kuona, ndiye aliyelisema.

"Sasa si hiyo sanduku ndiyo inatusukuma?"

Mourine alizima kwa mara ya mwisho, akafunga sanduku.

Mchana huo, chumbani Ndhiwa, Mourine alizifungua hesabu zake za zamani. Alianza na sehemu ambayo hakuwa ameitazama kwa miaka miwili, pale alipoiambia kompyuta daraja lenyewe likoje. Alikuwa ameiambia mambo mawili. La kwanza, kwamba uzito ni sawa kila upande. Na la pili, kwamba itulize namna moja tu ya kuyumba, ile ya daraja zima kupanda na kushuka pamoja, ambayo hutikisa zaidi katikati. Kompyuta ilimtii. Ikaweka kihisio katikati kwa sababu kwa swali aliloliuliza, hapakuwa na mahali pazuri zaidi.

Lakini daraja la kuning'inia lina namna ya pili ya kuyumba. Nusu moja hupanda wakati nusu nyingine inashuka, kama nyoka anayejipinda, na katikati hubaki kimya. Siku ya soko, watu wengi wenye mizigo wakienda kwa mwendo mmoja, ndiyo waliyoiamsha. Kihisio hakingeweza kuiona.

Kilichobaki ni ule mvumo. Alimpigia Javan.

"Kuna kitu chochote kimeongezwa kwenye daraja baada ya sisi kuondoka?"

"Bomba la maji," Javan alisema. "Kamati ya maji walilifunga mwaka jana, upande wa Ndhiwa, lina tangi dogo pia. Barua ilitumwa kwenu."

Hapo alikaa chini. Uzito wa bomba na tangi ulikuwa umeisogeza ile sehemu tulivu hatua chache kuelekea Ndhiwa, kwa hiyo kihisio hakikuwa tena palipo kimya kabisa. Kilisikia kidogo, na kidogo hicho kilikuwa cha nusu ya Migori. Mikono ilikuwa nusu ya Ndhiwa. Migori iliposhuka, sanduku liliamuru mikono isukume juu, kumbe Ndhiwa tayari ilikuwa inapanda. Kila pigo, kifaa kilichowekwa kuwatuliza watu kiliwaongezea msukumo. Mvumo haukutoka kwa mwizi wa umeme. Rispa alikuwa ameandika ukweli: daraja lilikuwa linasukumwa.

Alimpigia Kerosi, akamweleza yote.

"Na yule mlinzi? Waya ulipata, sivyo?"

"Waya ulikuwa wa redio. Hauhusiki. Nimejaribu mara nne."

"Ulijaribu siku moja. Mourine, sikiliza. Ripoti ya mwaka inakwenda wiki ijayo. Andika kwamba palikuwa na uingiliaji wa umeme, mlinzi ameondolewa, na rekodi za Jumatano ziondolewe. Halafu tutarekebisha polepole, bila kelele."

"Dakta, Javan alikupigia simu?"

"Walinzi hupiga simu kila wakati."

"Kuhusu watu kuanguka?"

"Sikumbuki kila simu."

Alikuwa ameuliza akitumaini kusikia hapana. Alikaa na simu mkononi, akiwaza ni mambo mangapi mengine aliyoyaamini kwa sababu tu yametoka kwenye mdomo huo, na ni mangapi Kerosi aliyaamini kwa sababu yametoka kwenye kompyuta yake yeye. Makosa ya hesabu yalikuwa ya Mourine. Angeweza kuyazika pamoja na jina la Javan na hakuna ambaye angejua.

Aliandika ripoti jioni hiyo kabla jua halijazama. Aliziacha ndani yake rekodi zote za Jumatano. Chini ya sehemu ya makosa aliandika jina lake mwenyewe, akaeleza alichouliza kompyuta na alichosahau kuuliza. Aliandika pia kwamba mlinzi alitoa taarifa mara tatu. Akaituma kwa Kerosi, na kwa wale waliosimamia mradi pamoja naye.

Alhamisi asubuhi alimkuta Javan kwenye kigoda chake. Safari hii alianza na salamu, akauliza habari za nyumbani, na alipomaliza akasema kwamba alikuwa amemkosea mbele ya watu na angependa kuomba radhi mbele ya watu, Jumatano, soko likiwa limejaa.

"Si lazima," Javan alisema.

"Ni lazima kwangu."

"Sawa." Javan aliutazama mto. "Mimi pia nilikuwa na mawazo yangu. Ulipokuja bila kuniambia, nilisema huyu ametumwa kunitoa, kuna mtu wao anataka hii kazi. Niliamua sikwambii kitu. Halafu niliona unakaa pale katikati kama mtu ameangusha ufunguo na anautafuta mahali si pake, nikakuonea huruma."

Mourine alicheka kidogo. Javan hakucheka.

Kerosi alikuja mwenyewe baada ya wiki tatu. Kwa muda huo mikono ilikuwa imezimwa, na Mourine alikuwa amemwomba Javan radhi mbele ya watu, kama alivyoahidi. Mourine alikuwa amerudia hesabu, safari hii na bomba na tangi ndani yake, na namna zote mbili za kuyumba. Kompyuta ilimpa vihisio viwili, kila kimoja hatua mbili tu kutoka kwenye rangi nyeupe za Javan. Walivibandika pamoja, Javan akimwonyesha jinsi ya kusugua chuma mpaka gundi ishike. Mikono miwili kati ya ile minne waliihamishia upande wa Migori.

Kerosi alifika Jumatano saa mbili, viatu vinang'aa. Alimsalimu Javan kwa mbali. Kwa Mourine alisema tu, "Tuone."

"Utavuka mara mbili na watu," Mourine alisema. "Mara moja imewashwa, mara moja imezimwa. Sikwambii ni ipi. Utatuambia wewe."

"Huniamini?"

"Nataka usiniamini mimi, Dakta. Liamini daraja."

Javan aliingia nyuma ya sanduku, Mourine akakaa mbali naye ili isisemekane wamepeana ishara. Kerosi alivuka na kundi la kwanza, akarudi na la pili. Mara ya kwanza alishika kamba hapa na pale. Mara ya pili hakushika chochote; alijikuta nyuma ya Rispa na trei zake, na alilazimika kuongeza hatua ili asiachwe. Alipofika ukingoni alisimama akakung'uta suruali ingawa haikuwa na vumbi.

"Ya pili ndiyo iliyowashwa," alisema.

"Ndiyo," Javan alisema.

Kerosi aliitikia kwa kichwa. Hakusema neno kuhusu simu tatu, na Mourine aliona kwamba hatalisema. Alisema tu kwamba ripoti itabaki kama ilivyo, akaomba kuonyeshwa mahali vihisio vilipo. Javan akamtangulia. Walikwenda wakipishana na watu, yule mwenye viatu vinavyong'aa akiinama kila Javan alipoinama.

Rispa alikuwa ameweka trei zake chini ili apumzike. Alilitazama sanduku, akamtazama Mourine.

"Leo limetulia," alisema.

"Limetulia."

"Lakini bado linaandika?"

"Linaandika mtikisiko peke yake, mama. Ukitaka nikuonyeshe kwenye kompyuta."

Rispa alifikiri, akasogea kidogo, akachuchumaa kando yake. "Nionyeshe," alisema. "Na uanze mwanzo, usiruke kitu."